Sagana, Jinja, Zambezi au Ruaha yetu hapa: ukiwa Dodoma ushuke korongo gani kwa kayaki

Vijana wengi wa hapa Dodoma walioanza kupenda kayaki wanauliza swali moja, nataka mto wenye korongo kweli, maji meupe ya povu, mteremko, sio kuzunguka bwawa la Hombolo, sasa niende wapi? Na wengi wanauliza huku jibu wanalo tayari. Wanataka Ruaha Mkuu, kile kipande cha kutoka Mtera kushuka Kidatu, maana uko karibu na ni wa kwetu. Nawaelewa kabisa. Ukiwa safari ya Iringa ukashuka pale Mtera kununua samaki wa kukaanga, halafu ukageuka kutazama upande wa chini wa ukuta wa bwawa, unaona mto unaingia kwenye mawe unapotelea kati ya vilima, lazima moyo uvutike.

Lakini mi ningekupangia hivi: Sagana ya Kenya kwanza, Jinja ya Uganda ya pili, Zambezi ya tatu, na Ruaha mwisho kabisa japo ndio wa karibu. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukubaliane tunapima nini, maana watu wengi wanapima mto kwa ukubwa wa wimbi walioliona kwenye video. Wimbi kubwa lenye maji mengi chini yake linaweza kukupindua mara tatu na bado ukatoka unacheka, wakati kijimto chembamba chenye mawe kinachoonekana cha kitoto kinaweza kukubana mguu katikati ya mawe mawili na ukaishia hapo. Ile skeli ya gredi 1 mpaka 6 inayotumika dunia nzima inakwambia ugumu wa kupita rapidi yenyewe, yaani kipande cha mto chenye maji ya kasi kati ya mawe, haikwambii kama kuna njia ya kupanda kutoka mtoni, wala simu kama inashika, wala kwenye maji yaliyotulia hapo chini kuna nani amelala. Kwahiyo mi naanza na swali la tofauti. Ukitoka kwenye kayaki hapo katikati, kasia limeenda kivyake na boti kivyake, we uko majini na jaketi tu, nini kinafuata? Mito hii minne inajibu hilo swali tofauti kabisa.

Sagana inajibu vizuri kuliko yote. Huu ni mto Tana huko Kenya, kipande cha juu kabla haujafika bwawa la Masinga, kama kilomita mia hivi kaskazini ya Nairobi, maji yanatoka mlima Kenya na Aberdare. Sio korongo refu la kutisha, kuta sio za mita mia, ila kuna mteremko wa kweli na rapidi za gredi 2 hadi 5 zinazotegemea mvua imenyesha kiasi gani huko juu. Kinachonifurahisha ni kwamba rapidi zimeachana, unashuka moja halafu unakuta maji yametulia, unakusanya vitu vyako, unakusanya na akili yako, unaendelea. Mashamba yako karibu, barabara iko karibu, watu wapo, na ukiumia bega Nairobi sio mbali.

Safari yake nayo rahisi, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, Nairobi, lami mwanzo mwisho na pasi ya kusafiria inatosha. Shida ya Sagana ni maji. Kiangazi mto unapungua mpaka boti linakwaruza mawe na unajifunza tabia mbaya ya kuogopa mawe badala ya kuyasoma. Nenda wakati wa masika, Aprili na Mei, au mvua za vuli zikishakolea Novemba. Ila uwe na akili, mvua kubwa usiku mlimani maana yake asubuhi mto ni mwingine kabisa, rangi ya chai ya maziwa, na rapidi uliyoipita jana hautaitambua.

Jinja ni habari nyingine. Pale unacheza na Nile yenyewe ikitoka Ziwa Victoria, na ziwa ni kubwa kiasi kwamba mto haukauki, mwezi wowote ukienda maji yapo, mengi, ya uvuguvugu, na yana kina. Hiki kina ndio zawadi ya Jinja kwa anayejifunza. Ukipinduka hakuna mawe ya kukugonga kichwa kila mara kama mto mdogo, una muda wa kutulia huko chini, kuweka kasia sawa na kupiga rolu, yaani kujiinua bila kutoka kwenye boti. Kama rolu yako ni ya bwawa la kuogelea tu, Jinja ndio mahali pa kuifanya iwe rolu ya mtoni. Walimu wapo, boti za kukodi zipo, na kwa miaka mingi watu wametoka dunia nzima kuja kufundishwa pale.

Lakini Jinja ya leo sio ile ya zamani na ni vizuri ujue kabla hujafunga safari kwa sababu ya video ya mwaka 2008. Maporomoko ya Bujagali yalizama kwa sababu ya bwawa la umeme la Bujagali, megawati 250, lililokamilika 2012, halafu 2019 likaanza Isimba la megawati 183 na lenyewe likameza rapidi zingine huko chini. Waliokuwa wanategemea mto kupata riziki walipoteza sana na mi hilo linaniuma mpaka leo. Kilichobaki bado ni kizuri, na Itanda bado ipo. Itanda ni rapidi ndefu ya gredi 5 mpaka 6, rafti nyingi, yale maboti makubwa ya upepo ya watu wengi, zinabebwa nchi kavu kuipita, na hata kama hutaishuka nakushauri ukasimame kwenye ile miamba pembeni uiangalie kwa muda mrefu. Chagua kipande kimoja cha povu ukifuate kwa macho kuanzia juu mpaka chini, uone linapokwama, linaporudi nyuma, linapopotea na kuibukia mbali. Ukishaelewa povu linaenda wapi unaelewa na mwili wako ungeenda wapi. Hiyo shule ni ya bure.

Kasoro ya Jinja ukiilinganisha na wengine ni kwamba sio korongo. Kingo ni za kijani, visiwa, vijiji, ukitoka mtoni unapanda bodaboda. Kwa mtu anayetaka zile kuta na ule ukimya, Jinja haimalizi kiu. Na kuna kichocho, kwahiyo ukirudi nyumbani nenda kapime. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, Uganda wanaidai.

Sasa Zambezi. Hapa ndio korongo lenyewe, Batoka, linaloanzia pale chini ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, Zambia upande mmoja Zimbabwe upande wa pili. Maporomoko yana mita 108, na korongo linaanza na kuta za urefu kama huo halafu linazidi kwenda chini, zinafika mita mia mbili na zaidi, mwamba mweusi wa basalti, jua likikaa juu yake mchana unahisi joto linatoka pande zote mbili. Rapidi zimepewa namba, kama 25 hivi kwa siku ya kawaida, na nyingi zina majina. Namba 9 inaitwa Commercial Suicide na jina linatosha, rafti za wageni haziishuki, zinabebwa kando. Mto huu ulishukwa kwa rafti mara ya kwanza 1981, kwahiyo kila jiwe lina historia na kila mwongozaji pale anajua maji yakiwa kiwango gani jiwe gani linafanya nini.

Ukubwa wa maji yake unatisha lakini mpangilio wake ni wa huruma. Linaporomoka, halafu linatulia kwenye kidimbwi kirefu, linaporomoka tena. Ukipigwa na namba 7 una nafasi ya kupumua kabla ya namba 8. Ndio maana nasema Zambezi kwa mtu mwenye rolu ya uhakika ni salama kuliko inavyoonekana, na kwa mtu asiye na rolu ni mateso ya siku nzima, bora apande rafti na mwongozaji afurahie.

Pale swali langu la nini kinafuata lina jibu la miguu. Hakuna barabara ndani ya korongo. Unaingia kwa kushuka kwa miguu na unatoka kwa kupanda, njia za mawe na ngazi za miti zilizofungwa kwa mikono, na kayaki ya plastiki ina kilo ishirini na kitu ikiwa kavu. Wabebaji wa pale wanaweka boti begani wanapanda huku wanaongea, na we mikono mitupu unasimama kila kona kutafuta hewa. Ukipanga bajeti weka hela ya wabebaji, usiifanye kitu cha ziada, na wape chao kamili. Mtu akiumia kweli humo ndani, kumtoa ni kazi kubwa sana, wakati mwingine ni helikopta, kwahiyo bima ya uokoaji lazima.

Msimu wake kariri vizuri maana unakinzana na ule wa masika wa Sagana. Maji ya chini ni kuanzia Agosti mpaka Disemba hivi, na hapo ndio korongo zima linashukika kuanzia juu karibu na maporomoko. Mvua za Angola na Zambia zikishashuka mto unajaa, kilele kinakuja kama Aprili, na maji yakizidi wanafunga kabisa. Kutoka Dodoma ni Iringa, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Livingstone, siku kadhaa za basi, au unaunganisha na TAZARA ukiwa na muda. Na kama ndoto yako ni Batoka usiikalie miaka kumi, ule mpango wa bwawa la megawati 2,400 humo humo korongoni uko mezani muda mrefu, na siku ukianza kujengwa sehemu kubwa ya hizo rapidi itazama.

Hapa ndio nataka kugusia jambo linalonirudisha Tanzania. Mteremko tunaoutafuta sisi wa kayaki ndio huohuo wanaoutafuta wa umeme. Korongo la Stiegler kwenye Rufiji, ambalo lingekuwa Batoka yetu, sasa ni bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, walianza kujaza maji Disemba 2022. Kihansi, huko Udzungwa, maji yanaanguka zaidi ya mita mia nane kupitia mitambo ya megawati 180, na ulipopungua ule mvuke wa maporomoko chura wa Kihansi alipotea porini kabisa, 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena nje ya vizimba, ndio baadaye wakaanza kumrudisha. Pangani nayo ina Hale na Pangani Falls. Sisemi umeme ni mbaya, nautumia kuandika hapa. Nasema ramani ya makorongo yetu na ramani ya mitambo yetu karibu ni ramani moja, na hilo linabadilisha kabisa namna ya kuushuka mto.

Ruaha Mkuu ndio mfano. Mtera likijaa maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na Kidatu likijaa ni mita 450. Karibu mita 250 za kushuka, ukisikia hivyo unaona ni mteremko mtamu. Ila wastani unadanganya. Katikati hapo, ukifika Ruaha Mbuyuni kwenye mashamba ya vitunguu, mto ni mpana na umetulia. Mteremko umejikusanya juu chini ya ukuta wa Mtera, na tena huko mbele mto ukiacha barabara kuu na kujipenyeza kati ya milima. Na chini ya bwawa la Kidatu, ambapo kungekuwa na mteremko mkali kuliko wote, maji yanachukuliwa na handaki yanapitishwa chini ya mlima, yanashuka kama mita 175 kwenye mitambo, mto wenyewe juu unabaki mawe mengi na maji machache, isipokuwa bwawa likiwa linamwaga.

Halafu kuna hili la maji kupanda bila mvua. Sagana unatazama mlima, Zambezi unatazama mwezi wa kalenda, Jinja mabadiliko yapo ila mto ni mkubwa na watu wa pale wanayajua. Ruaha chini ya Mtera unategemea mitambo inavyoendeshwa na mageti yanavyofunguliwa. Mbingu safi, jua kali la Dodoma, na bado maji yanapanda. Kwahiyo ukisimama popote kule, hata kama ni kula tu, chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, mguuni kabisa pa ukingo, halafu kitazame kila baada ya muda. Kijiti kikianza kusimama ndani ya maji, usianze kujadili, hamisha boti juu kisha ndio muongee. Kabla ya kuingia mtoni unatakiwa uwe umeongea na watu wa bwawa, sio kukisia.

Na kuna mamba na viboko. Hapa naomba nisomwe vizuri maana ndio tofauti kubwa kuliko zote. Zambezi mamba wapo pia, ila kwenye vipande vya juu vinavyoshukwa kila siku wengi ni wadogo, wakubwa wako huko chini zaidi, na waongozaji wanajua vidimbwi vyao. Ruaha ni makazi yao, na hatari haiko kwenye rapidi, iko kwenye maji yaliyotulia kati ya rapidi na rapidi, palepale ambapo mito mingine inakupa nafasi ya kupumua. Disemba 2010 Hendri Coetzee, Msauzi aliyekuwa anaongoza watu kwenye Nile pale Jinja na aliyeongoza safari ya 2004 ya kuushuka Nile kutoka Ziwa Victoria mpaka baharini, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga huko Kongo, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na wenzake wawili, wako karibu karibu kwenye maji tulivu, na hakuna aliyeweza kufanya kitu. Yule hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa miongoni mwa watu walioijua mito ya Afrika kuliko karibu wote. Kwahiyo mtu akiniambia ataenda Ruaha na rafiki yake mmoja wikiendi namjibu hapana, bila kuzunguka.

Kuna na mambo ya ruhusa. Ukiingia kwenye kile kipande cha milimani, ukingo wa kusini ni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, hifadhi tangu 1992, mto ndio mpaka wake wa kaskazini, kwahiyo ukilazimika kutoka upande huo uko ndani ya hifadhi na TANAPA lazima wawe wanajua upo. Serikali za vijiji nazo ziambiwe, wavuvi ndio watakaokutafuta kwanza ukichelewa. Simu usiitegemee humo ndani, chukua kifaa cha setilaiti. Hospitali ya maana ukitokea upande wa Kidatu ni Ifakara, ukitokea juu ni Iringa, na zote mbili ziko mbali kwa mtu aliyekaa kwenye maji dakika nyingi.

Boti nalo linabadilika kulingana na mto na watu hawalifikirii hilo. Sagana chukua boti nene lenye pua iliyoinuka, la kupita mawe, gumu, lisiloogopa kugonga. Jinja hata boti fupi la kuchezea mawimbi linafaa na utafurahi zaidi. Zambezi unataka boti kubwa lenye hewa nyingi ndani liibuke haraka, maana povu lile halibebi mtu vizuri. Ruaha, kama kipande ni cha kutembea sana, wengine wangechagua zile boti za kujaza upepo zenye kilo tatu mpaka tano, unaikunja begani, ukikuta rapidi huipendi unaizunguka kwa miguu bila kuvunjika mgongo. Ubaya ni kwamba boti la upepo kwenye maji yenye mamba silipendi hata kidogo, unakaa chini na unaenda polepole. Kwa Ruaha mi ningeona heri rafti kubwa ya watu wengi iwe inaongoza, kayaki zikae karibu yake. Na usinunue chochote mpaka umeshuka mito miwili tofauti kwa boti za kukodi. Isipokuwa helmeti, hiyo nunua yako inayokaa vizuri kichwani, na jaketi la kuokolea la mtoni, sio lile la rangi ya machungwa la kwenye kivuko.

Sasa kama una likizo moja tu na hela ya safari moja na hujawahi kushuka mto hata siku moja, nenda Jinja, ruka Sagana, kwa sababu ya walimu na kwa sababu mwezi wowote maji yapo. Kama unaweza kugawa safari mbili, Sagana ya Mei inakupa kusoma mawe na Jinja inakupa rolu. Mwenye rolu ya pande zote mbili, kulia na kushoto, na aliyewahi kuogelea rapidi ya gredi 4 akatoka bila kuchanganyikiwa, Zambezi ya Septemba au Oktoba inamngoja. Mwenye uwoga wa kuta na nafasi ya kubana hata Zambezi aifikirie mara mbili, sio aibu, wapo wazuri sana wanaopenda mito ya wazi tu.

Na anayetaka Ruaha kweli kweli, aanze kwa miguu. Kiangazi, mkiwa na askari wa hifadhi na mtu wa kijiji anayeujua ukingo, mnatembea pembeni ya mto kutoka upande wa Ruaha Mbuyuni mkiandika kila mahali ambapo mtu anaweza kupanda kutoka majini, kila kidimbwi chenye nyayo na mikwaruzo ya matumbo ya mamba kwenye mchanga, kila mwamba uliolika chini ambapo maji yanaingia na mtu asingetoka. Mkirudi mnalinganisha hayo maandishi na ratiba ya kumwaga maji ya bwawa. Maombi ya kibali yanachukua muda, anza nayo kabla hata ya kutafuta wenzako.